Joto Lisilokuwepo

Mara ya kwanza kompyuta kuzimika tukiwa hewani, mtangazaji wetu alikuwa amefika kwenye neno "yatafanyika." Alikuwa anasoma matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Alishataja jina la marehemu, akataja watoto wake na ndugu waliotawanyika, akasema mazishi yatafanyika, na hapo hapo redio ikanyamaza.

Nilikuwa chumba cha pili nafuta wino uliomwagika ndani ya printa. Niliusikia ukimya kabla hajaniita. Nilipoingia studio nilimkuta amekaa vile vile, karatasi mkononi, miwani imeteremka puani, anakitazama kioo cheusi.

"Imekufa," aliniambia.

"Haijafa, mama. Ngoja niiwashe."

Redio yetu ni ndogo, ya jamii, hapa Bariadi mjini. Ni vyumba vitatu vya nyumba ya kupanga, mnara nyuma karibu na choo, na kompyuta moja iliyobeba kila kitu. Ile mashine ya kuchanganyia sauti iliungua zamani na haikupata mrithi, kwa hiyo hata kipaza sauti kiliunganishwa kwenye kompyuta, na sauti ilitoka humo kwenda kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Kompyuta ikizima, sote tumezima. Ilikuwa ya msaada, imefanya kazi kwingine kabla ya kutufikia, na ilitumia mfumo wa Linux kwa sababu Linux haidai leseni.

Mimi ndiye fundi. Mchana niko redioni, na jioni natengeneza printa na simu kwenye kibanda changu karibu na stendi. Naishi na mama yangu, ambaye magoti yake yamekataa kabisa. Kila asubuhi lazima nimnyanyue, nimwogeshe, nimketishe barazani, nimwachie chai na redio, ndipo nitoke. Nikifika kazini huwa tayari nimeshafanya kazi. Nalisema hili mapema kwa sababu katika miezi ile yote ninayoieleza hapa, kitu ninachokikumbuka zaidi ya chochote ni uchovu.

Mtangazaji alikuwa mama mtu mzima, mjane, wa umri wa kunizaa. Alisoma kila tangazo kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kisukuma bila haraka, akitaja ukoo wa marehemu na mahali alikoolewa au alikooa, ili bibi aliyeko Kimali anayepalilia huku redio imening'inia mtini ajue bila shaka yoyote ni nani aliyefariki. Watu walipanga safari kwa kumsikiliza yeye. Siku ile kompyuta ilipowaka, alianza tena tangazo tangu jina, akalimaliza, akasema samahani mara mbili kwa lugha zote mbili.

Nilitazama kumbukumbu za mashine nione kilichotokea. Ilikuwa imeandika kwamba joto limefika nyuzi mia moja ishirini na saba, ikajizima ili isiungue. Nilimpelekea meneja habari hiyo.

"Kompyuta imesema yenyewe ina joto," alisema meneja. "Basi ipoozwe."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na redio isiyo na matangazo ya biashara ya kutosha na mwenye nyumba aliyepita kila mwisho wa mwezi. Alipenda tatizo lenye jina, na joto lilikuwa jina zuri. Ilikuwa ni ile miezi kabla ya mvua, bati linalia mchana kutwa, kila mtu anajipepea na chochote. Nani angebisha?

Nilifungua kompyuta. Ndani ya feni na katikati ya mapezi ya chuma cha kupoozea kulikuwa na nyuzi za pamba zimesukana na vumbi, zimekuwa kama kipande cha blanketi. Hapa kwetu malori ya pamba yakianza kupita, nyuzi zinaingia hadi kwenye bakuli la sukari. Nilizitoa kwa kibano na brashi, nikapuliza, nikakwangua ile grisi kavu iliyoko kati ya prosesa, ubongo wa mashine, na chuma chake, nikapaka mpya. Niliridhika. Nilimwambia mama kwamba sasa atasoma mpaka achoke yeye.

Haikupita muda ikazima tena, na safari hii lilikuwa tangazo la familia moja ya kijiji cha Ipililo. Tena jina lilishasomwa. Nilipoiwasha iliamua kukagua diski yake yote kabla ya kufunguka, nikasimama pale nahesabu mistari inayopita kwenye kioo. Ilipomaliza, muda wa matangazo ya vifo ulikuwa umekwisha na kipindi cha wauza pembejeo kimeanza, kipindi kilicholipiwa. Mama alikwenda kwa meneja na karatasi yake.

"Nimalizie hili moja tu," alisema. "Dakika haifiki."

"Utalisoma jioni," meneja alijibu.

Jioni alilisoma.

Baada ya hapo meneja akanunua kiyoyozi. Sijui alikopa wapi. Kilifungwa ukutani nyuma ya kiti cha mtangazaji, juu ya kompyuta, na hewa yake ikawa inamshukia mama shingoni. Alianza kuja na khanga mbili, moja kiunoni na nyingine begani, kisha akaanza kukohoa. Kikohozi kwenye redio hakifichiki. Alikuwa akijifunza kukimeza katikati ya sentensi, macho yanamtoka machozi, na mimi namtazama kupitia kioo cha mlango nisijue la kufanya. Kompyuta ikaendelea kuzima. Siku nyingine haikuzima kabisa, siku nyingine ilizima asubuhi na mchana. Na kila mara iliandika namba ile ile, nyuzi mia moja ishirini na saba.

Baba mmoja wa ile familia ya Ipililo alikuja mchana mmoja. Alikuwa mtu mzima, amevaa koti la suti juu ya shati la kazi, viatu vimejaa vumbi la pikipiki. Meneja hakuwepo, kwa hiyo nilimpokea mimi.

"Mwadila, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola duhu."

Nilimpa kiti pale studio, maana hatukuwa na mahali pengine. Mama mtangazaji alikuwepo, anapanga karatasi zake. Yule baba alikaa na kofia yake magotini.

"Dada yangu tumemzika," alisema. "Ndugu zetu wa Kimali walisikia jina mchana. Siku ya mazishi hawakuisikia. Jioni wako kwenye ng'ombe, redio hawafungui. Walifika kesho yake, tumeshafukia. Mdogo wake wa mwisho hakumwona."

Mama aliziweka karatasi chini.

"Sikuja kugombana," aliendelea. "Nimekuja kuuliza tu. Mlikatikaje?"

"Kompyuta ilipata joto, baba," nilimwambia. "Ikipata joto sana inajizima."

Alitazama kiyoyozi. Akamtazama mama aliyejifunika khanga hadi masikioni.

"Humu mna baridi," alisema.

Nilianza kumweleza kwamba joto liko ndani ya mashine, si chumbani, lakini nikiwa naeleza nilijisikia kama mtu anayesoma maneno ya mwenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, na alipofika kwa mama akauacha mkono wake ndani ya wa mama kwa muda.

"Jina ulilitaja vizuri," alimwambia.

Mama hakula mchana ule. Michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ilibaki kwenye mkoba.

Maneno yalianzia kwa mhasibu, na nadhani alitania tu. Alisema, mbona ikizima inazima kwa yule mama? Mbona muziki haukatiki? Wiki ile ile ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu ya studio. Mmoja aliuliza kama marehemu ndio wanaokataa kutajwa. Mwingine akasema huyo mama ana mkosi, ndugu yangu akifa nisingependa asomwe na yeye. Kuna nyumba ambazo maneno kama hayo hayachukuliwi kama mchezo, na nyumba nyingine ambazo Jumapili wanaimba kwaya na Jumatatu wanayachukulia vivyo hivyo. Familia mbili zikapeleka matangazo yao kwenye redio nyingine.

Meneja alimwita ofisini. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia.

"Mama, pumzika kidogo. Kifua chenyewe hicho kinakusumbua. Tukishapata ufumbuzi tutakuita."

"Kifua kimeletwa na hiki kiyoyozi chako."

"Ndiyo maana nasema pumzika."

"Na hayo yanayosemwa?"

"Mimi siyaamini."

"Lakini unaniondoa."

Meneja aliinamia makaratasi yake. Mama akakusanya vitu vyake: miwani, khanga, daftari la koo za watu alilolitunza miaka yote, mkoba. Alipita kwangu akasema, "Haya, fundi. Nisalimie mama." Akaenda kwao Kasoli, ambako ana shamba na nyumba aliyoachiwa na mumewe.

Nafasi yake aliipata kijana mwenye sauti nzuri aliyesoma vifo kwa mwendo wa kutangaza mpira. Na ubaya wa mambo ni kwamba siku zake za kwanza kompyuta haikuzima hata mara moja mchana. Mhasibu alinitazama kwa namna ya mtu aliyeshinda bila kutaka kushinda. Ugonjwa wa mashine sikuujua bado. Nilirudi nyumbani jioni hizo nikamkuta mama yangu barazani na redio yake, akaniuliza yule mwenzake kaenda wapi. Hawakuwahi kuonana, lakini alimwita mwenzake.

Kisha ikazima asubuhi moja, katikati ya nyimbo za injili. Hakuna mtu aliyetuma ujumbe. Meneja alisema ni umeme.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya kompyuta kabisa, ubavu wake niliuacha wazi tangu nisafishe mara ya mwisho, maana kufunga na kufungua skrubu kulinichosha. Kwa kawaida ikizima huwa nakimbilia kuiwasha. Siku ile sikukimbia. Kusema kweli sikuwa na nguvu. Mama yangu alikuwa ameamka na maumivu na nilikuwa sijakaa tangu alfajiri. Niliinyoosha tu mikono ndani ya kasha, nikaweka vidole kwenye chuma cha kupoozea.

Kilikuwa vuguvugu. Joto la kikombe cha chai kilichosahaulika.

Maji huchemka kwenye nyuzi mia. Chuma chenye nyuzi mia moja ishirini na saba kingenitoa ngozi. Niliviacha vidole palepale, nikahisi hasira inapanda polepole, halafu inachoka nayo, inashuka.

Niliiwasha, nikaomba kijana aweke muziki mrefu, nikaandika ile amri ya kuonyesha vipimo vyote vya ndani. Siku zote nilikuwa naangalia mstari mmoja tu, ule wa namba kubwa. Sasa nilisoma yote. Prosesa ina kipimo chake yenyewe ndani ya mwili wake, na hicho kilisema nyuzi arobaini na nne. Chini yake kulikuwa na orodha ya chipu nyingine, ile ndogo iliyoko kwenye bodi ambayo kazi yake ni kupima joto, umeme na mwendo wa feni. Orodha hiyo ilikuwa vichekesho. Ilisema feni imesimama, na mimi naiona inazunguka. Ilisema umeme wa volti kumi na mbili ni volti tatu, umeme ambao usingewasha hata taa ya kasha. Joto moja lilikuwa chini ya sifuri. Jingine lilikuwa thelathini na moja, nikafumba na kufumbua likawa sitini, kisha mia moja ishirini na saba, kisha likarudi. Ile programu ya kuzima ilifuata hilo la mwisho. Likikaa juu kwa muda kidogo, mashine inazimwa.

Basi chipu haikuwa inapima hivyo. Ilikuwa inasomwa hivyo.

Nilizima kila kitu kabla ya taarifa ya habari, kwa ruhusa ya meneja aliyedhani nasafisha, nikaingiza simu ndani ya kasha nikapiga picha ya chipu ile kwa karibu. Ni kipande cheusi cha mraba pembezoni mwa bodi, maandishi yake hayaonekani kwa jicho. Nilikuza picha. Maandishi yalikuwa na herufi zile zile ilizoziandika Linux juu ya ile orodha, lakini namba nyingine. Chipu iliyokuwepo ilikuwa ya baadaye, ya kampuni ile ile, na vyumba vyake vya ndani vimepangwa tofauti. Ni sawa na kuingia nyumba ya jirani ukadhani ni kwako kwa sababu milango inafanana, ukafungua kabati la vyombo ukatafuta nguo.

Kwa nini Linux iliidhania nyingine? Nilitafuta kwenye mafaili ya mipangilio hadi nikakuta mstari mfupi uliowekwa na fundi wa huko ilikotoka. Kompyuta ilipokuwa mpya, mfumo ule haukuijua chipu hii. Fundi yule akailazimisha draiva, yaani programu inayozungumza na chipu, iichukulie kama ile ya zamani. Mafundi wengi hufanya hivyo. Huenda siku ile vipimo viwili vitatu vilikuja sawa, akashukuru Mungu, akaenda nyumbani. Simlaumu. Nimeshawahi kuwa na siku kama yake nyingi tu.

Niliufuta ule mstari. Kisha ikabidi kuweka mfumo mpya unaoitambua chipu kwa jina lake, na huko ndiko uchovu halisi ulikokuwa. Niliupakua kwa intaneti ya simu, ukakatika, nikaanza tena, umeme ukakatika, nikaanza tena. Mara mbili niliweka mfumo, sauti ikagoma kutoka kwenye kipaza, nikarudisha wa zamani ili tusikose kipindi. Meneja alipita akaniuliza nafanya nini.

"Narekebisha sensa," nilimwambia.

"Sensa? Si walishahesabu watu?"

"Sensa za joto, bosi. Vihisi. Vile vinavyopima."

"Ahaa." Alisimama kidogo. "Kwani vina nini?"

"Vinasomwa vibaya. Mashine haijawahi kupata joto."

Alikaa kwenye ukingo wa meza. Alinitaka nirudie. Nilirudia, nikamwonyesha picha ya chipu na maandishi ya kwenye kioo, moja baada ya jingine. Alielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

"Kwa hiyo kiyoyozi tumenunua bure," alisema.

"Ndiyo."

"Na yule mama…"

"Naye bure."

Alisugua uso wake kwa viganja viwili. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba naye hakuwa analala vizuri.

Mfumo mpya uliposhika, chipu ilijitaja jina lake. Feni ikaonekana inazunguka. Volti kumi na mbili zikawa kumi na mbili. Joto moja tu lilibaki kwenye mia moja ishirini na saba, limeganda, nikasoma na kujua kwamba mguu ule wa chipu haujaunganishwa na kitu chochote kwenye bodi yetu, unapima hewa. Niliiambia mashine isiusome. Programu ya kuzima nikaiambia ifuate kipimo cha prosesa yenyewe. Nilikaa kuitazama siku kadhaa. Arobaini na tatu, arobaini na sita, arobaini na nne. Kitu kimoja zaidi nilikifanya: nilirudi kwenye kumbukumbu za zamani, nikaona ilikuwa inazima wakati wowote. Asubuhi kwenye muziki, jioni kwenye michezo. Mchana ndio watu walikuwa wanasikiliza.

Mama mtangazaji hakupokea simu. Nilimwachia mama yangu chakula kwa jirani, nikachukua bodaboda hadi Kasoli. Nilimkuta shambani anachoma mabua ya pamba ya mwaka uliopita, amefunga kilemba, kikohozi kimepungua. Alinitazama nikija tangu mbali na hakuacha kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea nini, msiba?"

Nilimweleza nikiwa nimesimama kwenye moshi. Nilijaribu kutumia maneno mepesi. Nilimwambia kuna kipimo kilidhaniwa kuwa kipimo kingine, kikawa kinasema joto ambalo halipo, na mashine ikawa inajizima kwa hofu ya bure. Nikamwambia ilizima pia wakati yeye hayupo, na wakati wa muziki, tangu mwanzo.

Alisukuma mabua motoni kwa mguu.

"Unanieleza kama vile nilikuwa na wasiwasi," alisema. "Mimi nilijua si mimi. Nyie ndio hamkujua."

"Ni kweli."

"Sasa na hao waliosema, wamejua?"

Nilimwambia meneja anamwomba arudi.

"Sirudi hivihivi. Nilitolewa kwa maneno ya watu, na watu hao wote wana redio. Waambiwe kwenye redio. Halafu nitakuja."

Meneja hakulipenda hilo. Alisema redio haiwezi kusimama ikawatangazia watu kwamba haijui vyombo vyake. Wachache waliobaki wa kulipia matangazo watatukimbia. Alipendekeza mama arudi kimya kimya, wasikilizaji watazoea. Tulizungushana siku nyingi. Sikupandisha sauti, nilikuwa nauliza tu kila nikiingia ofisini, "Vipi kuhusu lile tangazo?" na kila nikitoka, "Basi kesho." Mwishowe alisema, "Andika wewe. Soma wewe. Mimi sauti yangu siitoi."

Sijawahi kupenda kipaza sauti. Niliandika maneno machache, nikayasoma kabla ya matangazo ya vifo. Nilisema kompyuta yetu ilikuwa na kifaa cha kupima joto ambacho mfumo ulikikosea jina, na kwa sababu hiyo ilikuwa inajizima bila sababu. Nilisema kosa lilikuwa la mitambo na la sisi tunaoiangalia. Nilisema mtangazaji wetu hakuhusika kwa lolote, na kwamba familia ambazo matangazo yao yalikatika tunaziomba radhi. Kijana aliyarudia kwa Kisukuma, na nilimsikia akihangaika kutafuta namna ya kusema kifaa. Alisema "kale kanakopima." Ilitosha.

Nilimpigia pia baba wa Ipililo, namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya tangazo. Nilimweleza yote. Nilisikia ndama nyuma yake.

"Kwa hiyo halikuwa joto," alisema.

"Halikuwa joto, baba."

"Sawa. Wabeja kwa kunijulisha."

Nilisubiri aseme kitu kingine, hata anilaumu. Aliniuliza kama mvua imeanza mjini. Nikamwambia bado. Akanitakia kazi njema, tukaagana. Nilibaki nimeshika simu. Nilikuwa nimetengeneza kila kilichotengenezeka, na mdogo wa mwisho wa marehemu alikuwa hajamwona dada yake.

Mama alirudi Jumatatu moja, mvua za kwanza zimeshalowesha barabara. Alikuja na kuku wa kumpa mama yangu, amefungwa miguu, akamweka chini ya meza yangu. Kijana akampisha kiti. Kiyoyozi tulikizima, kiko ukutani hadi leo, mhasibu amekitundikia kalenda.

Saa saba ilipofika nilivuta kiti nikakaa karibu na kompyuta, vipimo vimefunguka kwenye kioo kidogo mbele yangu. Nilikusudia kuvitazama mwanzo hadi mwisho wa kipindi. Mama alisafisha koo, akasalimia wasikilizaji kwa lugha zote mbili, hakusema lolote kuhusu alikokuwa. Akaanza tangazo la kwanza, mzee wa ng'ambo ya mto, baba wa watu wengi. Arobaini na nne. Akataja watoto. Arobaini na tano. Mvua ilikuwa inapiga bati taratibu na sauti yake ilikwenda pamoja nayo, ukoo baada ya ukoo, bila kuharakisha jina hata moja.

Nililala. Sikumbuki nilipofumba macho. Kilichoniamsha ni kuku, na nilipoangalia studio ilikuwa inapiga muziki, kiti cha mama kitupu, karatasi zake zimepangwa na kubanwa pini. Kijana aliniambia amemaliza yote na ameondoka, amesema nisiamshwe.

"Hakuna lililokatika?" nilimuuliza.

"Hakuna."

Nikamchukua kuku, nikaenda sokoni kununua nyanya kabla mvua haijakolea.